Mashini ya kutafuta samaki: tununue ipi, na mbele yake tununue nini?

Maneno ya ekipe yetu ya uwanjani kwa mkutano wa wanamemba, Kibumba

 

Komite ilituomba tuseme juu ya jambo moja. Kikundi cha wavuvi kinaomba feza ya sanduku kwa kununua mashini ya kutafuta samaki, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa sondeur. Mtu asiyetujua atashangaa. Kibumba haina ziwa. Kibumba ni mawe ya volkano, viazi, kabichi, na tshukudu zinazoteremka Goma na mizigo. Lakini nyinyi mnajua namna ziwa liliingia katika maisha ya watu wa hapa. Mwaka 2022, familia zilipokimbilia Kanyaruchinya na mjini, vijana wengi walienda Kituku kutafuta kazi ya siku. Walianza kwa kubeba mizigo, wakaendelea kwa kupiga kafi, mwisho wakajua kuvuta nyavu. Kambi zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, watu walirudi mashambani, lakini ufundi huo haukupotea. Leo kuna nyumba hapa ambayo baba analima na mtoto anavua. Hilo ni jambo jema. Msimu wa viazi ukiharibika, sambaza wanalipa masomo.

Lakini tuseme ukweli: feza inayoombwa ilitoka kwa viazi na kabichi. Mama mmoja alituuliza hapo mlangoni: "Sisi tunalimaka tu. Hiyo mashini itatuletea nini?" Swali lake njo swali la kwanza, na tutalijibu mbele ya kumaliza. Tangu banki za Goma zifungwe mwanzoni mwa 2025, feza ya kugusa imekuwa ngumu. Sanduku likitoa dola 150 kwa kitu kisichofaa, mwezi unaofuata mtu atagonjwa na hatutakuwa na kitu cha kumpa.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Mashini inaweza kusaidia, lakini haiongezi samaki ziwani wala haiwaite. Katika Kivu, ile ndogo ya bei ya chini inatosha kabisa, na kubwa ya bei kali ni kutupa makuta majini. Tena haipaswi kuwa kitu cha kwanza kununuliwa. Sasa tueleze kwa nini.

Mashini inafanya kazi namna gani?

Ukisimama mbele ya ukuta wa mawe ukapiga kelele, sauti inagonga na kurudi. Ukuta ukiwa karibu, inarudi haraka, na ukiwa mbali inachelewa. Mashini ni hivyo tu. Ina sehemu mbili: kioo ambacho mtu anaangalia, na kichwa kidogo kinachoingia majini. Kichwa kinatuma sauti ambayo sikio letu haliwezi kusikia. Sauti inateremka, inagonga samaki au chini ya ziwa, inarudi. Majini sauti inakimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde moja, zaidi ya mara nne kuliko hewani. Samaki akiwa mita 30 chini yako, kwenda na kurudi ni mita 60, yaani sekunde 0.04. Mashini inapima muda huo na kuandika kina kwenye kioo.

Jambo la pili la kujua ni kwamba sauti inateremka kwa umbo la mdomo wa tarumbeta: nyembamba juu, pana chini. Kwa mashini nyingi ndogo, pembe ya umbo hilo ni karibu digrii 20. Hesabu rahisi: upana wa mahali inapoona ni kama theluthi moja ya kina. Kwa mita 30 chini, inaona duara la mita 10 hivi. Maana yake haioni ziwa lote. Haioni mbele wala pembeni. Inaona chini ya pirogi tu. Kijana anayefikiri ataketi Kituku na kuona samaki wa Idjwi, asikie hapo.

Kina cha Kivu ni mtego kwa mnunuzi

Wauzaji wanapenda kusema: "Hii inafikaka mita 500!" Na mtu anajua Kivu ni refu kwenda chini, mahali pengine linafika mita 485. Basi anafikiri anahitaji mashini ya mita 500. Hapana. Ziwa letu si kama mengine. Chini kabisa kuna gesi nyingi, ile metani ambayo Rwanda inatoa kwa kufanya umeme, pamoja na gesi karboni. Kule chini hakuna oksijeni, na pasipo oksijeni hakuna samaki. Katika sehemu kubwa ya ziwa, oksijeni inafika mita 60 au 70 wakati wa kiangazi, upepo unapochanganya maji. Wakati wa mvua, inaweza kuishia hata juu ya hapo. Ndani ya ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, inaishia karibu mita 11 tu.

Kwa hiyo mita 400 na zaidi za maji ya Kivu hazina hata sambaza mmoja. Mashini inayoona vizuri mita 80 za kwanza imeona uvuvi wote wa Kivu. Kila dola unayolipa kwa kutafuta kina zaidi ni dola ya kununua picha ya maji matupu. Hii njo sababu chama kidogo kama hiki kinaweza kununua mashini ndogo bila kuona haya mbele ya matajiri.

Sambaza wanakaa wapi?

Sambaza si wa zamani hapa. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo wanalisha miji ya pande zote mbili za ziwa. Mchana wanakaa pamoja katika makundi, chini kidogo, kwa kujificha. Jua likizama wanapanda kufuata chakula chao, vidudu vidogo vya majini, na makundi yanatawanyika. Wavuvi wanawasha taa, samaki wanakusanyika tena chini ya mwanga, na ekipe inainua wavu uliofungwa kati ya pirogi tatu. Mbalamwezi ikijaa, taa inakosa nguvu na watu wanapumzika. Haya yote mnayajua kutushinda.

Kupima sambaza kwa sauti si jambo jipya. Mnamo Septemba 1989 wataalamu wa FAO walifanya hivyo katika Kivu kwa kukadiria wingi wao. Kwa hiyo mtu akisema "mashini haiwezi kuona sambaza juu ni wadogo", si kweli. Sambaza mmoja ni vigumu kumwona, lakini kundi linaonekana kama wingu kwenye kioo.

Basi mashini itasaidia nini? Tunaona mambo matatu.

La kwanza ni kujua wakati wa kuinua wavu. Ekipe ikishawasha taa, mzee wa pirogi anakisia: saa mbili zinatosha? saa tatu? Ukiinua mapema, kundi bado ni dogo. Ukichelewa, usiku unaisha. Mashini inaonesha kama wingu linanenepa na liko mita ngapi.

La pili ni kuchagua mahali. Jioni, mbele giza halijaingia, ekipe inaweza kupita polepole ikaangalia wapi kuna makundi. Kwa pirogi za kafi hilo lina mpaka, juu kuzungukazunguka kunachosha mikono. Lakini kujua kwamba hapa ni patupu ni faida pia.

La tatu ni kuokoa nyavu. Upande wa Goma, lava imeingia ziwani zaidi ya mara moja, na ile ya Januari 2002 wengi mnaikumbuka. Mawe yake yanakata nyavu. Mashini inaonesha chini ikipanda ghafla, na mvuvi anajua asishushe hapo.

Ni hayo tu. Usiku ambao sambaza hawapo, mashini itakuambia hawapo. Haitawaleta.

Aina tatu, na ile tunayoshauri

Ya kwanza ni ndogo ya mkono, inashikwa kama simu, na kichwa chake kinaelea mwisho wa kamba. Kuna za Lucky, kwa mfano, zinazosoma mpaka mita 100. Kwa kawaida bei yake nje ni kati ya dola 40 na 70. Ni nyepesi, mtu anaenda nayo nyumbani. Lakini picha yake ni hafifu, na nyingi zinakula batri ndogo nne ambazo utanunua tena na tena.

Ya pili ni mpira unaoelea na kutuma picha kwenye simu, kama zile za Deeper. Ni kitu kizuri kwa mtu anayevua kwa ndoano kando ya maji. Kwa ekipe ya usiku hatushauri. Bei yake mara nyingi inapita dola 100. Inahitaji simu nzuri iwe wazi usiku mzima, na mikono yenye maji na magamba inaigusa. Simu ikianguka, mmepoteza vitu viwili.

Ya tatu ni yenye kioo chake, kichwa chake na waya, inayofungwa kwenye pirogi na kutumia batri ya volti 12. Mfano ni Garmin STRIKER 4. Kioo chake ni cha inchi 3.5, kidogo lakini kinasomeka, na bei yake nje imekuwa kati ya dola 100 na 150. Ongeza usafiri, ushuru na batri. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, kwa hiyo uliza bei ya mzigo uliofika mkononi, usiulize bei ya intaneti.

Sisi tunashauri aina ya tatu, ile ndogo kabisa katika familia yake. Si lazima iwe ya jina hilo. Lakini mbele ya kutoa feza, angalieni haya.

Iwe na sauti ya kilohezi 200. Sauti hiyo inaonesha vizuri vitu vidogo katika maji ya juu. Zile za kilohezi 50 ni za bahari yenye kina.

Iwe ya kustahimili maji. Tafuteni alama IPX7: maana yake inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa bila kufa.

Iwe na GPS, kama bei inaruhusu. STRIKER 4 haina ramani ya ziwa, lakini inaweka alama mahali pa mawe, mahali pa samaki na bandari ya kurudi. Ukungu ukishuka, alama ya kurudi ina thamani kuliko samaki. Na ziwa lina mpaka wa nchi usioonekana kwa macho usiku. Chukueni kila mara risiti ya mashini na karatasi za ruhusa ya kuvua, ili anayewasimamisha asifikiri ni kitu kingine.

Msidanganywe na samaki wa dukani. Hii tuisikie vizuri. Mashini nyingi zina programu ya maonyesho. Muuzaji anabonyeza, na samaki wanapita kwenye kioo hata kama kichwa kiko mezani, pakavu. Mtu anashangaa, analipa. Ombeni kwenda na mashini mpaka bandarini, kichwa kiingie majini, muone kina halisi, kisha mteremshe kamba yenye jiwe na kupima kama hesabu zinalingana. Muuzaji akikataa, rudini na feza yenu.

Na mkishainunua, zimeni zile picha za samaki wadogo ambazo mashini inachora yenyewe. Inabahatisha. Jani, mapovu, hata wavu wenu, vyote vinaweza kuchorwa kama samaki. Angalieni lile wingu lenyewe.

Umeme wake si mwingi. STRIKER 4 inakula karibu ampere 0.23. Kwa saa 10 za usiku ni ampere-saa 2.3. Batri ndogo ya ampere-saa 7, ile ya moto au ya alarmu, inabeba usiku mmoja bila kuumia, kisha inachajiwa mchana kwa pano ya jua. Msiifunge pamoja na taa. Taa ikimaliza batri, mmekosa vyote.

Kichwa kifungwe kwenye mti ubavuni mwa pirogi, sentimita 20 au 30 ndani ya maji, kikitazama chini sawasawa. Mti uwe wa kutoa, ili pirogi ikifika ufukweni kichwa kisivunjike.

Mbele ya mashini

Sasa tunafika mahali pagumu. Kijana mmoja alituambia: "Ma-jile mtatupatia kiisha, sambaza njo inaleta makuta." Tunamwelewa. Lakini tarehe 3 Oktoba 2024 meli MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama mbele ya Kituku, karibu na ufuko, mchana, watu wakiangalia. Makumi ya watu walikufa. Kati yenu kuna waliokuwa pale, na waliofanya matanga. Kama mchana karibu na bandari watu wanakufa, usiku katikati ya ziwa nani atakusikia? Mtu wa Kibumba amekua juu ya mawe makavu, wengi hawajui kuogelea. Hii si aibu, lakini ni hesabu.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu: kwanza jile ya kuokoa kwa kila mtu anayepanda pirogi, tena avae, si kuikalia. Pili taa nzuri za LED na batri zake, juu taa ndiyo inayoita samaki, na mashini haiiti. Tatu nyavu za halali: chandarua cha mbu si wavu, kinamaliza watoto wa samaki. Nne ndiyo mashini. Kama ekipe haina vitatu vya kwanza, sisi kama ekipe ya uwanjani hatutatia sahihi ya cha nne. Na wafadhili wanaosoma tunawaomba hivyo hivyo: msitutumie mashini tano za kupendeza wakati watu hawana jile.

Kuna neno la ziwa pia. Mashini inaonesha kandokando mahali tilapia wanazalia. Ukiona, pita. Upande wa Rwanda hufunga uvuvi kwa kipindi fulani ili sambaza wazae. Sisi tukitumia macho mapya kwa kumaliza mbegu, tutakuwa tumekula viazi vya kupanda. Mkulima wa Kibumba haitaji kufundishwa maana ya kula mbegu.

Sanduku lifanye nini?

Tunarudi kwa mama wa mlangoni. Mashini isiwe zawadi kwa wavuvi. Iwe mali ya chama inayokopeshwa. Tuchukue mfano: mashini, batri na usafiri vimefika dola 180. Mwezi wa angani una wiki nne, wiki ya mbalamwezi ni ya kupumzika, zinabaki tatu za kazi. Kikundi kikirudisha dola 6 kila wiki ya kazi, ni dola 18 kwa mwezi, na deni linaisha kwa miezi 10. Kama kikundi kinaona dola 6 ni nzito, basi kinajua chenyewe kwamba mashini haitajilipa, na heri kujua leo.

Pamoja na hayo, bamama wanamemba wanaouza sambaza hapa Kibumba wapate kununua kwanza, kwa bei ya ufukweni. Hapo mwenye viazi ataona faida ya ziwa ndani ya sufuria yake.

Na inunuliwe moja tu, si mbili. Kikundi kina ekipe mbili. Wiki moja mashini iwe kwa ya kwanza, wiki inayofuata kwa ya pili. Kila ekipe iandike daftari usiku hadi usiku, ikiwa na mashini au bila: tarehe, mahali, saa ya kuwasha taa, saa ya kuinua wavu, kina cha wingu, besani ngapi, zimeuzwa bei gani. Asiyejua kuandika amwambie anayejua. Baada ya miezi mitatu tutakaa hapa na daftari mbili. Kama usiku wa mashini haushindi usiku wa bila mashini, tutaiuza ingali mpya, feza irudi sandukuni, na hakuna atakayelaumiwa. Kama unashinda, tutazungumza juu ya ya pili.

Mwisho, mbele ya kutoa dola yoyote, iandikwe: nani anailaza nyumbani, nani anaichaji, na ikianguka majini nani analipa nini. Tumeona vikundi vingi vikivunjika, si kwa kukosa feza, bali kwa swali hilo kuulizwa wakati kitu kimeshapotea.

Tunaomba komite iweke mambo matatu kwa kura katika mkutano unaokuja: orodha ya jile na taa ambazo ekipe mbili zinazo leo, zihesabiwe kwa macho, karatasi ya mkopo, na majina ya watu wawili watakaoenda kujaribu mashini bandarini, mmoja mvuvi, mmoja mkulima. Mkulima awepo, juu feza ni yake pia.

Sasa maswali, na tuanze kwa bamama.